Maelekezo kwa Mgeni Asiyelipa

Kellon, karatasi hii huibandika kwenye mlango wa friji
kwa wageni wanaokodi chumba cha nyuma.
Wewe hulipi. Isome hivyo hivyo.

Kwenye feri kutoka Grenada kaa nyuma, chini,
karibu na magunia ya vitunguu, utafune tangawizi.
Katikati ya njia kuna volkano chini ya maji;
ikijigeuza kitandani, abiria wote hukumbuka sala.
Binti wa Delphine alitapika ndani ya kofia ya padri.
Padri siku hizi hutembea kichwa wazi.

Kombati za madoadoa ziache huko huko Huddersfield:
sheria ya hapa inasema ni za askari tu,
na konstebo Quashie hana kazi nyingi. Atakuona.

Pesa toa Alhamisi.
Ijumaa jioni ile mashine ya benki
imekauka kama kiwele cha mbuzi mzee.

Salimu kwanza. Sikutanii.
Ukiingia dukani kwa Bi Ismena ukaanza na "mkate upo?"
mkate hautakuwapo,
ingawa unauona, ingawa bado unafuka mvuke.
Sema habari za asubuhi, ngoja ajibu,
ndipo uwe na njaa.

Maji ya kuoga ni ya mvua. Yametoka juu ya paa
yakaingia kwenye tangi chini ya sakafu unayoikanyaga.
Jiloweshe, funga. Jipake sabuni. Fungua, jisuuze, funga.
Mjerumani mmoja aliimba bafuni nyimbo tatu nzima;
Machi ile tulinunua maji ya lori.

Ufukweni kuna mti wenye vitufaha vya kijani
vinavyonukia kuliko tunda lolote la sokoni: manchinili.
Usile. Usiegemee. Mvua ikinyesha, lowa,
usijikinge hapo; tone likipita kwenye majani yale
huchubua ngozi kama maji ya chai.
Baba yako ana kovu begani.
Aliwahi kukuambia la nini?

Lango funga. Mavuno yakiisha mbuzi huachiwa huru,
na mbuzi wa hapa hawabishi hodi.

Kimbunga, usimuulize mtu siku ya kwanza.
Maturubai ya bluu juu ya nyumba utayaona mwenyewe.
Siku ya tatu mtu atakuwa anaosha vyombo
na atakuambia, bila kugeuka,
friji yake waliikuta juu ya mti wa nani.

Wageni huishia hapa. Wewe geuza karatasi.

Jiwe la babu yako limefika kwa boti ya mizigo.
Limefungwa shuka, liko chini ya ngazi. Usilikalie.
Miaka kumi na mmoja amelala chini ya msalaba wa mbao
kwa sababu jiwe ni pesa, na pesa ziliezeka paa,
kisha zikaliezeka tena.
Jumamosi tutalisimamisha, tutalinyunyizia ramu,
tutafanya saraka, yaani sadaka: masufuria uani,
wali, mbaazi, sima ya mahindi, ale kila apitaye.
Sahani ya wazee haitiwi chumvi.
Huwekwa mezani chumba cha ndani, mlango wazi.
Usionje, hata ukiona hakuna mtu.
Hasa ukiona hakuna mtu.

Ngoma zikianza watakuuliza taifa lako.
Hawaulizi pasipoti. Jibu: Temne.
Taifa hufuata baba,
hata baba asiyepiga simu.
Wakikuita duarani, vua viatu uingie.
Kucheza hujui, wote wanajua hujui,
cheza.

Yeye pia nimemwandikia.
Kitanda cha pili nimekitandika kwa sababu
shuka zilikuwa zimekauka, basi.
Mkija wawili, mniletee betri za redio.
Zile nene.